Usafi wa nyumba usimalize pesa ya mboga

Haipiti wiki bila mtu kutuma video ileile katika kundi la WhatsApp la ukoo, la kikoba au la wazazi wa shule. Mama mmoja, mwenye jiko jeupe lisilo na hata sufuria moja iliyoungua, ananyunyiza bekingi soda kwenye sinki, anaimiminia siki, povu linafoka, kisha kamera inarudi na sinki linameremeta. Chini yake kuna ujumbe: achaneni na sabuni za madukani, zinawafilisi. Wanakundi wanaitikia kwa dole gumba, na Jumamosi inayofuata chupa za siki zinatoka dukani kwa Mangi kwenda kumwagwa chooni.

Wazo la kusafisha nyumba kwa vitu vya jikoni ni zuri, na ni la zamani kuliko simu. Kasoro ni kwamba tunalipokea likiwa limebeba hesabu ya nchi nyingine. Marekani, ambako video nyingi za namna hii hutengenezwa, siki nyeupe huuzwa kwa galoni na ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu dukani. Mwenye nyumba wa kule amezoea kununua dawa ya vioo, ya jiko, ya vigae, ya bafu na ya mbao, kila moja na chupa yake. Akiziacha zote akashika siki, anaokoa kweli. Mwenzake wa Mbagala au Kongowea hana hizo chupa tano za kuacha. Ana mche wa sabuni, pakiti ya sabuni ya unga na, mwezi ukiwa mzuri, chupa ya Jik. Huyu ukimwambia anunue siki ya kusafishia, matumizi yake hayakupungua, yameongezeka.

Tupige hesabu. Tuseme chupa ya siki ya mililita 500 ni shilingi 1,500 za Tanzania. Siki ya kawaida ya kupikia ina asidi asilimia 5, kwa hiyo ndani ya chupa hiyo kuna gramu 25 hivi za asidi, na karibu yote yaliyobaki ni maji. Mimina chupa nzima kwenye ndoo ya kupigia deki, ijaze mpaka lita 10, na asidi yako imeshuka hadi robo ya asilimia moja. Hapo unapiga deki kwa maji yenye harufu ya kachumbari. Fedha hiyohiyo, ukimwambia Mangi akupimie sabuni ya maji, inaosha vyombo na kupiga deki kwa siku kadhaa.

Ule mchanganyiko wenye povu ndio hasara zaidi. Siki ni asidi, bekingi soda ni alikali, na vikikutana vinamalizana nguvu. Povu linalotusisimua ni gesi ya kaboni dayoksaidi ikitoroka, gesi ileile iliyomo kwenye soda ya chupa. Kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haina ukali wa siki wala nguvu ya bekingi soda. Kijiko kikubwa kimoja cha bekingi soda, gramu 14 hivi, kinatosha kumaliza asidi yote ya mililita 200 za siki. Ukivitumia kimoja kimoja, kwa wakati wake na kwa uchafu wake, vyote viwili vinafaa. Ukivichanganya umenunua tamasha la dakika moja, na sinki litang'aa kwa sababu ya mkono uliosugua baadaye. Anayetumia beking pauda akidhani ni kitu kilekile anapoteza zaidi, maana ndani ya kopo hilo asidi na wanga vimeshachanganywa tangu kiwandani.

Hoja yangu ni hii. Jikoni kuna akiba ya kweli, lakini haipatikani kwa kununua chakula ili kukifanya dawa ya sakafu. Inapatikana kwenye vitu vya bei ya chenji na vitu vilivyokuwa njiani kwenda jalalani, mikononi mwa mtu anayejua uchafu ulio mbele yake ni wa aina gani. Tena inapatikana zaidi tukitenganisha kazi tatu ambazo chupa ya dukani inatuuzia kwa bei moja: kuondoa uchafu, kuua vijidudu, na kunukia. Kila moja ina kitu chake kinachoifanya kwa bei ndogo, na jikoni hakuna majibu ya zote tatu.

Tuanze na uchafu wenyewe. Mafuta yaliyoganda kwenye jiko la gesi, kwenye kuta za jikoni na kwenye kikaango yanataka alikali, na alikali ya bei ya chini kabisa Afrika Mashariki tunayo. Ni magadi. Wengi tunayajua kwa maharage, makande na mlenda. Yanauzwa sokoni kwa mabonge, na chenji ya nauli inatosha kununua ya kutumia wiki kadhaa. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron upande wa Tanzania na Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Viwanda vya vioo na vya sabuni vinayahitaji kila siku. Soma nyuma ya pakiti nyingi za sabuni ya unga na utakuta kabonati ya sodiamu, ambayo ni magadi yaliyosafishwa. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile unacholipia kwenye pakiti yenye picha ya shati jeupe iko pia kwenye gunia la muuza dagaa na viungo.

Namna ya kuyatumia haina mbwembwe. Saga bonge, chota kijiko cha chai, koroga kwenye lita moja ya maji ya moto. Lowesha tambara, lilaze juu ya mafuta yaliyoganda kwenye jiko, liache robo saa. Ukirudi, pitisha kidole na utasikia utelezi, kwa sababu sehemu ya yale mafuta imeanza kugeuka sabuni palepale. Hapo futa, suuza kwa maji safi, kausha. Kwa mafuta mepesi bekingi soda pia inafaa, ila ni dhaifu kuliko magadi na gramu kwa gramu ni ghali zaidi.

Magadi yana kazi nyingine ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaotegemea visima wangeifurahia. Maji mengi ya visima vya Pwani ni ya chumvi na ni mazito. Ukifulia, sabuni haitoi povu na badala yake inaacha utando wa kijivu kwenye beseni na kwenye kola. Kalisi na magnesi zilizomo kwenye maji zinaikamata sabuni kabla haijafika kwenye nguo, basi mtu anaongeza sabuni, na sabuni inaongeza utando. Magadi kidogo yakiwekwa kwanza kwenye maji yanaitoa ile kalisi njiani, na mche uliokuwa unaisha upesi unaanza kudumu. Hii ni akiba ya kuonekana kwa macho, na sijaiona kwenye video hata moja, pengine kwa sababu haitoi povu la kupigia picha.

Magadi yana masharti. Yanachubua mikono, hivyo vaa glavu au usikae nayo muda mrefu. Usiyapeleke kwenye sufuria za alumini, hizi nyeupe nyepesi tunazopikia wengi wetu, kwani alikali inakula alumini na sufuria inatoka nyeusi. Na kama unayapenda kwenye chungu, fahamu kwamba magadi ya ziwani hubeba floraidi, ambayo watafiti wameihusisha na meno ya kahawia katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro. Yakipungua kwenye maharage yakaongezeka kwenye ndoo ya deki, hatujapoteza kitu.

Asidi inahitajika kwenye uchafu wa aina nyingine kabisa, yaani ule ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika la umeme, kwenye mdomo wa bomba na kwenye kuta za bafu. Huo ni madini ya maji, kabonati ya kalisi kwa sehemu kubwa, na sabuni haiuwezi. Hata hapa huhitaji siki. Maji ya ndimu yana asidi karibu asilimia 5 mpaka 6, sawa na siki au zaidi yake kidogo. Maganda ya ndimu zilizokamuliwa kwenye supu na kachumbari bado yana asidi ya kutosha. Yatumbukize kwenye birika, ongeza maji, chemsha, acha nusu saa, kisha mwaga. Ukoko utatoka vipande vipande. Jioni sokoni, mafungu ya ndimu zilizokunjamana, ambazo hakuna anayezitaka kwa chai, huuzwa kwa bei ya kutupa, na hizo zinatosha bafu zima. Makapi ya ukwaju yaliyobaki baada ya kutengeneza juisi yanang'arisha shaba. Wenye mabuli na madele ya kahawa huko Pwani wanajua kwamba ndimu na chumvi kidogo, au ukwaju, hurudisha rangi ya shaba iliyofifia, mradi uioshe na kuikausha papo hapo, la sivyo itaota ukijani. Doa la kutu kwenye kanzu nyeupe nalo linasalimu amri kwa ndimu, chumvi na jua la mchana.

Asidi hiyohiyo inayokula ukoko wa birika itakula sakafu yako ukiiruhusu. Marumaru ni kabonati ya kalisi. Vipande vinavyopamba terazo ya nyumba nyingi za miaka ya zamani mara nyingi ni marumaru, na kinachovishika ni saruji. Kuta za chokaa za Mji Mkongwe na Lamu ni za jamaa hiyohiyo. Anayepiga deki terazo kwa siki au ndimu kila wiki ataiona inapoteza mng'ao, na gharama ya kuisaga na kuipiga polishi upya itameza akiba ya miaka. Rahisi ghali, waliosema hawakukosea.

Tusisahau vitu vinavyosugua. Dodoki linalopanda uani bila kuulizwa linafanya kazi ya sponji ya dukani, na likichakaa linaoza likawa mbolea. Makumbi ya nazi yanasugua sufuria yenye masizi vizuri kama waya wa chuma. Majivu ya kuni yana alikali ya potasiamu, na chembe zake ndogo zinakwangua bila kuchimba sana. Vioo vya madirisha havidai dawa ya buluu ya kupuliza. Vifute kwa maji yenye tone la sabuni, kisha vikaushe kwa gazeti. Hili unalolishika litafaa sana, ukishalisoma.

Wapo watakaosema haya yote ni mageni au ni ya kimaskini. Si mageni, na kuhusu umaskini tuna ushahidi wa nyumbani. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi sabuni ilivyoadimika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikamua hazina, fedha za kigeni hazikuwapo, viwanda vilikosa malighafi, na mche wa sabuni ukawa kitu cha kupangia foleni. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulipofanyika msako dhidi ya wahujumu uchumi, bidhaa za kawaida za nyumbani zilizofichwa zilikuwa miongoni mwa vilivyosakwa. Katika miaka hiyo watu walifulia majani ya mpapai. Waliyaponda, wakayasugua kwenye nguo, yakatoa povu dogo la kijani, na uchafu ukapungua kiasi. Sabuni iliporudi madukani, majani ya mpapai yaliachwa siku hiyohiyo, na hakuna bibi aliyeyalilia.

Ndiyo maana naamini wazee kuliko video. Walilazimika kujaribu kila kitu, kisha wakapata uhuru wa kuchagua. Walichokiacha, walikiacha kwa sababu hakikufaa. Walichoendelea nacho hata sabuni ilipojaa madukani, yaani ndimu kwenye shaba, majivu kwenye masizi, dodoki, kumbi na magadi, waliendelea nacho kwa sababu kinafanya kazi. Anayetaka kujua kipi cha jikoni kinasafisha kweli aangalie orodha hiyo kwanza, halafu ndipo afungue simu.

Kazi ya pili ni kuua vijidudu, na hapa naomba tusitaniane. Siki, ndimu, magadi na mwarobaini havina nafasi kwenye choo cha mgonjwa wa kuhara. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, wataalamu wa afya walitegemea klorini, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa. Jik na wenzake ni klorini iliyoyeyushwa. Kama chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, basi kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji kinakupa asilimia 0.5, kiwango kinachotumika kwenye sehemu zilizochafuliwa na kinyesi au matapishi. Uchafu uondolewe kwanza kwa sabuni na maji, kwa kuwa klorini ikikutana na taka inaishia kwenye taka. Kisha mimina, subiri dakika kumi, suuza. Tengeneza ya kutumia siku hiyo tu, na chupa ikae kivulini, kwani jua na joto vinaidhoofisha.

Kwa siku za kawaida, pasipo na mgonjwa, sakafu ya sebule haihitaji klorini. Sabuni na maji vinabeba vijidudu na kwenda navyo, na hiyo inatosha. Nyumba nyingi zinamwaga Jik kila asubuhi kwa mazoea, kisha zinalalamika kwamba inaisha upesi. Chupa moja ya akiba, kwa choo na kwa siku ya ugonjwa, ingedumu muda mrefu.

Akiba isitutie wazimu wa kuchanganya. Klorini ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua. Ikikutana na mkojo uliokaa inatoa gesi nyingine ya jamaa hiyo. Ile harufu inayokukata pumzi ukimwagia Jik choo ambacho hakijamwagiwa maji ni onyo, wala si dalili ya usafi. Jambo la pili, dawa yoyote, ya dukani au uliyojitengenezea, isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto wa miaka mitatu hasomi, na hata angesoma, umeandika nini juu yake? Weka lebo, funga vizuri, inua juu.

Kazi ya tatu ndiyo tunayoilipia bila kujua. Chukua dawa tatu za kupigia deki, moja ya ndimu, moja ya waridi, moja ya msonobari. Mara nyingi kinachosafisha ni kilekile, na tofauti yake ni rangi na manukato. Tumefundishwa na matangazo kwamba sakafu isiyonukia haijasafishwa. Watu wa Pwani walikwishalitatua hili zamani kwa kutenganisha mambo. Nyumba ilioshwa kwa sabuni na maji mpaka ikawa haina harufu yoyote, ndipo chetezo kikapita na udi au ubani, asumini ikawekwa kwenye kitanda, karafuu ikatiwa kwenye sanduku la nguo. Usafi ulikuwa na vitu vyake na harufu ilikuwa na vyake, kila kimoja kwa kipimo chake na kwa siku yake. Leo tunamimina manukato kwenye ndoo na kuyatupa na maji machafu. Ukinunua sabuni isiyo na mbwembwe, ukafukiza siku ya wageni, utalipa kidogo na nyumba itanukia vizuri zaidi.

Hapa naufikia utengenezaji wa nyumbani ambao naamini unaokoa fedha kuliko siki zote. Ni ile sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani na vikundi vya kina mama, mingi ya miradi hiyo ikiwa imeanzia kwenye mafunzo ya ujasiriamali kama yale ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Malighafi zake si za jikoni: salfoniki, slesi, soda ashi, gliserini, rangi na manukato. Kimoja tu kinatoka kwenye rafu ya viungo, nacho ni chumvi, na ndicho chenye ufundi. Sabuni ikishachanganywa inakuwa nyepesi kama maji. Fundi anayeyusha chumvi pembeni, anaitia kidogo kidogo huku akikoroga upande mmoja, na mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Akizidisha, uzito unakatika na sabuni inarudi kuwa maji, na hakuna kuirekebisha kwa chumvi nyingine. Kisha inafunikwa, inalala usiku mzima povu litulie, na asubuhi ndipo inapimwa kwenye chupa.

Nyumba nne au tano zikichanga malighafi ya ndoo ya lita 20 kwa pamoja, zinaondokana na mtego mkubwa kuliko wote wa mtu wa kipato kidogo, nao ni kununua kidogo kidogo. Pakiti ndogo ya sabuni ya unga, ile ya kufulia mara moja, inaonekana rahisi kwa kuwa inalingana na sarafu iliyopo mfukoni. Kenya wanauita uchumi wa kadogo. Gawa bei kwa gramu na mara nyingi utakuta mwenye pakiti ndogo analipa zaidi kuliko mwenye mfuko wa kilo tano. Kikoba kinachoweza kukopeshana ada ya shule kinaweza pia kununua sabuni kwa pamoja, na huo ni uamuzi wa kikao kimoja. Sharti langu ni kwamba malighafi zinunuliwe kwa wauzaji wanaoaminika, anayepima avae glavu na kufunika macho, na kikundi kinachotaka kuuza nje ya mtaa kipeleke sabuni yake Shirika la Viwango.

Kuna gharama moja ambayo wahubiri wa dawa za jikoni hawaiweki kwenye hesabu. Ni mkono. Majivu yanasafisha kwa sababu mtu anasugua. Ndimu inatoa doa kwa sababu mtu anasubiri, anarudi, anasugua tena. Katika nyumba nyingi za mjini mtu huyo ni dada wa kazi, na vijijini ni mama au binti aliyetoka shule. Mwenye nyumba akitangaza kwa fahari kwamba ameacha kununua sabuni ya vyombo, na badala yake dada anasugua sufuria kwa majivu mpaka kucha zinachanika, fedha aliyookoa imetoka mwilini mwa mtu mwingine. Anayetaka kubadili vifaa asugue mwenyewe kwa wiki moja. Akiona panafaa, aendelee, na glavu azinunue.

Na maji nayo yana bei. Kitu kinachohitaji kusuuzwa mara tatu kwenye nyumba inayonunua maji kwa dumu si cha bure hata kama kimeokotwa. Ndiyo maana akiba iliyo bora haimo kwenye dawa yoyote, imo katika kuuzuia uchafu usishike. Kikaango kifutwe mafuta kwa karatasi kingali na vuguvugu, sufuria ya ugali ilowekwe mara tu inapopakuliwa, jiko lifutwe kabla mwagiko haujaungua, viatu vibaki mlangoni. Tazama kinachotokea kwenye nyumba zinazohama kutoka kuni na mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Wengi tunauzungumzia kwa upande wa misitu na mapafu. Aliyewahi kusugua masizi ya sufuria kila siku anajua kwamba mtungi wa gesi unapunguza pia bajeti ya sabuni, maji na muda. Atakayekosa kitu ni yule aliyetegemea majivu, na yeye hatakuwa na masizi ya kuyasugulia.

Basi nyumba ya kawaida inahitaji nini? Mche wa sabuni au sabuni ya maji ya kikundi kwa karibu kazi zote. Magadi ya kulainisha maji na kung'oa mafuta. Ndimu zilizochoka kwa ukoko na kutu. Dodoki au kumbi la kusugulia. Chupa moja ya klorini, imefungwa, imeinuliwa, ikisubiri siku yake. Siki irudi kwenye achari, na bekingi soda kwenye maandazi.

Na kitakachookolewa kisitoke kwenye sabuni ya mikono. Nimeona nyumba zinazopunguza matumizi kwa kuanza na kipande cha sabuni cha pale chooni, kwa kuwa kinaisha upesi na watoto wanakichezea. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulijaza ndoo za maji tiririka kila mlango wa duka na kila lango la shule. Nyingi zimekauka sasa, na sabuni zake hazijarudishwa. Sakafu isipong'aa wiki hii, hakuna atakayelazwa. Mtoto akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, gharama ya dripu na nauli ya hospitali itazidi mara nyingi bei ya mche mzima. Ukipata akiba ya shilingi elfu mbili mwezi huu kwa magadi na maganda ya ndimu, zinunulie sabuni ya kunawia mikono kwanza, kabla hujaifikiria mboga.